Dereva Asiyeona Anachokitazama

Hotuba kwa madereva wa bodaboda, bajaji na daladala pamoja na familia zao, viwanja vya Tangamano, Tanga

Mwenyekiti, wazee wangu mliokaa mbele, mama zangu, madereva wa vijiwe vyote vya mji huu, asalaam aleikum, na habari za asubuhi.

Nimeombwa nizungumzie usalama barabarani, na najua mengi mmeshaambiwa: kofia ngumu, leseni, mishikaki, spidi. Hayo ndugu zetu wa trafiki watayasema vizuri kuliko mimi. Mimi kazi yangu ni mazoezi tiba. Mtu analetwa kwangu ajali imeshatokea, mfupa umeshaungwa, kidonda kimeshafunga, na kilichobaki ni kumfundisha kusimama na kutembea upya. Wakati namnyoosha mguu, huwa ananisimulia. Katika masimulizi hayo liko neno moja linalojirudia mno, na ndilo lililonifanya nikubali kusimama hapa leo: "Nilikuwa natazama mbele, lakini sikumwona."

Dereva akisema hivyo kwa askari, haaminiki. Akisema hivyo kwa ndugu wa aliyegongwa, anaonekana mwongo na mkatili juu yake. Barabara imenyooka, jua la saa nne, mtoto kavaa shati jeupe la shule, utasemaje hukumwona? Mimi nawaambia kwamba mara nyingi mtu huyu anasema kweli tupu. Na kweli yake inatisha kuliko uongo. Angekuwa mwongo, tungemfunga yeye, tukalala usingizi. Lakini kilichomtokea kinaweza kumtokea kila aliyekaa hapa, mwenye leseni na asiye nayo, aliyekunywa na asiyejua pombe ina ladha gani. Ndiyo maana sitaki kuwahubiria. Nataka tuelewe ubongo unavyochagua cha kuona na cha kuacha, kisha tukae tupange namna ya kuendesha tukijua hivyo.

Naomba tuanze na jaribio dogo. Nyoosha mkono mmoja mbele yako mpaka mwisho, dole gumba likiwa juu. Tazama ukucha, na macho yasibanduke hapo. Sasa jirani yako akuinulie pembeni ya kichwa kadi, noti, karatasi ya mkutano, chochote chenye maandishi, nawe ujaribu kukisoma bila kuhamisha macho.

Nasikia vicheko. Hakuna aliyesoma, na si kwa sababu macho yenu ni mabovu. Eneo ambalo jicho la binadamu linaona kwa ukali wa kutosha kusoma herufi ni dogo sana, kama upana wa dole gumba hilo mkono ukiwa umenyooka. Kwingine kote tunaona kwa ukungu: tunajua pana kitu, kinatembea au kimetulia, basi. Kwa hiyo jicho halikai mahali pamoja. Linaruka kama mara tatu kila sekunde, linatua hapa, linatua pale. Na kila linaporuka, ubongo unaizima karibu yote ile picha ya njiani, ili dunia isionekane ikitikisika. Mkirudi nyumbani simameni mbele ya kioo. Tazama jicho lako la kushoto, kisha la kulia, kisha la kushoto tena. Hutayaona macho yako yakihama hata kidogo. Mtu aliyesimama kando yako atayaona waziwazi.

Sasa mchukueni dereva anayetoka kwenye mtaa wa Ngamiani kuingia barabara kubwa. Anatupa jicho kulia, anatupa kushoto, anaingia. Pikipiki ni nyembamba. Inaweza kukaa nzima ndani ya mruko mmoja wa jicho, na ubongo ukaliziba pengo lile kwa barabara tupu. Dereva atakula kiapo kwamba alitazama pande zote mbili, na kichwa chake kweli kiligeuka pande zote mbili. Tiba ya hili ni rahisi hadi inasikitisha: geuza kichwa polepole, tuliza macho kwa kituo, tazama mara ya pili. Lakini hiyo ni sehemu ndogo ya habari. Hata jicho likitua mahali hasa penyewe, kazi haijaisha.

Ubongo wa mtu mzima una uzito wa kama kilo 1.4. Ni asilimia 2 tu ya mwili, lakini unakula kama asilimia 20 ya nguvu zote za mwili ukiwa umetulia. Hauwezi kumudu kushughulikia kwa kina kila kinachoingia machoni, masikioni na kwenye ngozi. Lazima uchague. Wengi wenu mmefika soko la samaki pale Deep Sea vyombo vinaporudi. Fungu limemwagwa chini, wanunuzi kumi wanapaza bei kwa wakati mmoja. Dalali hawezi kuwasikiliza wote. Akimwelekea mmoja, sauti ya huyo ndiyo bei, na wenzake ni kama hawakufungua mdomo. Ndani ya kichwa mnada huo haukatiki kuanzia unapoamka mpaka unapolala.

Na haya si maneno ya kupendezesha hotuba, yamepimwa. Mwaka 1985 nchini Marekani, Jeffrey Moran na Robert Desimone walisikiliza chembe moja moja za neva katika sehemu ya ubongo wa kima inayoshughulikia kuona. Kila chembe ina eneo lake inalolisimamia na ina vitu inavyovipenda. Waliweka vitu viwili ndani ya eneo hilohilo, kimoja ambacho chembe hukichangamkia na kingine isichokijali. Kima alipozingatia kile kisichopendwa, chembe ilififia, japo kile kinachopendwa kilikuwepo palepale mbele ya macho yake. Mwanga umeingia jichoni sawasawa, jicho halikusogea, na bado ndani ya ubongo kitu kile kimekaribia kutoweka. Nilipolisoma hili kwa mara ya kwanza niliwakumbuka wagonjwa wangu wote walioitwa waongo.

Dalali ni nani? Hayuko mmoja. Sehemu za mbele ya ubongo, zile zinazosimamia pia miendo ya macho, zina sauti kubwa. Mwaka 2003 Tirin Moore na Katherine Armstrong walizitia umeme hafifu sehemu hizo, hafifu kiasi cha kutoyasogeza macho ya kima, na papo hapo chembe za kuona za nyuma zikapaza jibu lao kwa kitu kilicho mahali husika. Yaani amri ilitoka mbele ikaenda kuongeza sauti nyuma. Sehemu za juu kuelekea kisogoni nazo zinashika ramani ya mahali vitu vilipo. Katikati kabisa iko thalamasi, ambako karibu habari zote za macho na masikio hupitia, na imezungukwa na utando wa chembe zinazozuia. Francis Crick alipendekeza mwaka 1984 kwamba utando huo unasaidia kuamua nini kipite. Mwaka 2015 majaribio ya panya waliofundishwa kuchagua kati ya mwanga na sauti yalionyesha kwamba alikuwa kwenye njia sahihi: panya akihitaji mwanga, utando ule hubadilisha kazi yake, na sehemu ya mbele ya ubongo ndiyo inayouongoza.

Kwa sisi wa barabarani, lililo muhimu zaidi ni kwamba umakini unaendeshwa kwa njia mbili. Maurizio Corbetta na Gordon Shulman waliliandika vizuri mwaka 2002. Iko njia inayofuata nia yako: unamtafuta abiria, basi macho na ubongo vinapanga kila kitu kwa ajili ya mkono ulioinuliwa kando ya barabara. Na iko njia inayokatiza: honi imelia, mbuzi kakurupuka, bango limeanguka, na akili inageuzwa kabla hujaamua. Njia hii ya pili imewaokoa babu zetu wengi porini. Lakini mkumbuke, ukiwa umezama sana katika unachokitafuta, njia ile ya kukatiza hupunguziwa nguvu. Unayetafuta kitu kwa bidii ndiye unayekosa kuona kingine.

Mwaka 1999 Daniel Simons na Christopher Chabris waliwaonyesha watu filamu fupi ya wachezaji wanaopasiana mpira, wakawaambia wahesabu pasi za timu iliyovaa nyeupe. Katikati ya mchezo anapita mtu aliyevaa vazi la sokwe. Karibu nusu ya watazamaji hawakumwona. Mtasema hao ni watu wa kawaida, hawakuzoea kazi. Haya, mwaka 2013 Trafton Drew na wenzake waliwachukua madaktari 24 wa kusoma picha za eksirei, wakawapa picha za mapafu watafute vinundu vya saratani. Ndani ya picha walipachika kisokwe kikubwa mara 48 kuliko kinundu cha kawaida. Madaktari 20 hawakukiona. Na kifaa cha kufuatilia macho kilionyesha kwamba wengi kati ya hao 20 waliyaelekeza macho yao juu yake hasa. Kwa hiyo uzoefu wa miaka haukukingi. Uzoefu unakufundisha kutafuta ulichozoea kukikuta.

Hapa nawageukia ninyi wa pikipiki, kwa maana ninyi ndio mnaogongwa zaidi. Dereva wa gari amezoea kutafuta gari. Steven Most na Robert Astur walifanya jaribio mwaka 2007, watu wakiendesha kwenye mtambo wa kuigiza. Wengine waliambiwa wafuate mishale ya njano, wengine ya buluu. Kwenye njia panda moja ikawakatiza pikipiki. Waliokuwa wakifuata njano waligonga zaidi pikipiki ya buluu, na waliokuwa wakifuata buluu waligonga zaidi ya njano. Rangi tu iliyokuwa kichwani ndiyo iliyoamua nani aumie. Basi msiendeshe mkidhani kwamba dereva wa Coaster akikutazama usoni amekuona. Washa taa mchana. Vaa kizibao kinachong'aa. Usikae ubavuni mwa gari kwenye mzunguko ukitegemea kwamba wewe unaliona, basi nalo linakuona.

Niruhusuni sasa niwapeleke wodini, kwa sababu huko ndiko mimi nilikoelewa jambo hili kwa moyo.

Mtu akipata kiharusi upande wa kulia wa ubongo, sehemu ya juu kuelekea nyuma, au akigonga kichwa upande huo, mara nyingine hutokea jambo la ajabu. Macho yake ni mazima. Lakini upande wa kushoto wa dunia umeondoka. Unampa sahani ya wali, anakula nusu ya kulia, anasema chakula kimekwisha na njaa haijaisha. Ukiizungusha sahani, anakuta wali mwingine anashangaa. Ananyoa ndevu shavu moja. Mke wake akikaa kushoto ya kitanda anamlalamikia kwamba hakuja. Na familia, jamani, familia zinaumia sana hapa. Wanafikiri baba amenuna, au amerukwa na akili, wengine wanaanza kutafuta aliyemroga. Mama zangu, mkimwona mgonjwa wa kiharusi namna hii, msimkasirikie. Kaeni upande wa kulia wake kwanza, mmguse mkono wa kushoto, mmwite polepole ageuke.

Mwaka 1978 huko Milan, Italia, Edoardo Bisiach na Claudio Luzzatti waliwaomba wagonjwa wawili wa aina hii waukumbuke kichwani uwanja mkubwa wa mji wao, walioujua tangu zamani. Wakaambiwa: jione umesimama ukilitazama kanisa kuu, taja majengo. Walitaja ya mkono wa kulia, ya kushoto hayakutajwa. Kisha wakaambiwa: sasa jione umesimama mlangoni mwa kanisa, unautazama uwanja. Wakataja yale yale waliyoyaacha mwanzo, kwa kuwa sasa yalikuwa kulia, na wakayasahau waliyoyataja dakika chache nyuma. Majengo yote yalikuwemo kwenye kumbukumbu. Kilichokosekana ni ubongo kuyaelekea. Jicho hapo halina neno lolote la kusema, maana hapakuwa na kitu cha kutazama.

Na hili ndilo linalonikosesha raha kila ninapopanda bodaboda: mgonjwa yule hajui kwamba kushoto hakupo. Haoni giza upande huo, haoni pengo. Kwake dunia imekamilika. Sisi wazima nasi ndivyo tulivyo kwa nusu sekunde, kwa sekunde moja, kwa sekunde mbili. Ubongo hauachi alama mahali ilipokuwa habari iliyotupwa. Kama ungeona doa jeusi kila unapokosa kuzingatia, usingehitaji hotuba yangu, ungejisimamisha mwenyewe. Huoni doa. Unaona barabara safi.

Sekunde mbili ni kitu gani? Kwenye makazi mwendo uliowekwa ni kilomita 50 kwa saa. Kwa mwendo huo unakwenda kama mita 14 kila sekunde. Sekunde mbili ni mita 28. Pimeni wenyewe hapo uwanjani, mita 28, halafu mfikirie watoto wanaotoka shule saa nane mchana.

Basi tufike kwenye simu, ambayo najua wengi mnaisubiri.

Mwaka 1953 Colin Cherry, mtafiti wa Uingereza, aliwavalisha watu spika za masikioni, sikio hili maneno haya, sikio lile maneno mengine, na kuwataka wayafuate ya upande mmoja wakiyarudia kwa sauti. Baadaye akawauliza: sikio la pili lilisema nini? Hawakujua. Hata lugha ilipobadilishwa kutoka Kiingereza kwenda Kijerumani katika sikio lile, hawakugundua. Miaka sita baadaye Neville Moray akaongeza kitu: akapenyeza jina la mtu mwenyewe katika sikio lisilofuatwa, na kama theluthi moja walilisikia. Kwa hiyo ubongo haujafunga kabisa, unabakiza mlinzi. Lakini theluthi moja! Theluthi mbili hawakusikia hata jina lao. Ninyi mnaovaa spika za masikioni mkiendesha mnanisikia?

Wengine mnasema, mimi simu naiweka ndani ya kofia, mikono yote iko kwenye usukani, shida iko wapi. Shida haiko mikononi. Mwaka 1997 Donald Redelmeier na Robert Tibshirani walichunguza madereva 699 wa Toronto, Kanada, waliopata ajali na waliokuwa na simu. Kuzungumza na simu kuliendana na hatari ya ajali kubwa mara nne hivi, na simu zisizoshikwa mkononi hazikuonekana kuwa salama kuliko zile za kushika. Mwaka 2003 David Strayer na wenzake waliwaendesha watu kwenye mtambo wa kuigiza wakiongea bila kushika simu, wakiyafuatilia macho yao. Vitu ambavyo macho yao yalitua juu yake kabisa, baadaye walishindwa kuvitambua mara nyingi kuliko walipoendesha kimya. Walivitazama. Hawakuviona. Mazungumzo yalikuwa yamemchukua dalali.

Mtu mmoja aliniuliza kijiweni: mbona abiria tunaongea naye siku zote? Swali zuri. Mwaka 2008 kundi hilohilo la Strayer lililinganisha mazungumzo ya simu na ya abiria aliye ndani ya gari. Abiria anaiona barabara. Njia ikichafuka ananyamaza, au anabadilisha maneno, "angalia lile lori." Aliyeko kwenye simu yuko kwake Muheza anamenya chungwa, hajui kwamba umefika kwenye kona. Anataka jibu sasa hivi. Ndiyo maana namheshimu sana konda anayejua kazi. Konda mzuri ni macho ya pili ya suka. Konda anayemwonyesha suka picha za simu humo njiani anaondoa hata yale ya kwanza.

Nimalizie na uchovu, na hapa nitakuwa mfupi kwa kuwa mnaujua kuliko mimi. Mwaka 1948 Norman Mackworth alichapisha majaribio aliyoyafanya kwa ajili ya wanajeshi wa Uingereza waliokesha kwenye rada wakitafuta nyambizi. Aliwaweka watu mbele ya saa yenye mshale, mara chache sana mshale unaruka hatua mbili badala ya moja, nao wauone. Ndani ya nusu saa ya kwanza tu walianza kukosa kwa wingi. Watu wazima, wazima wa afya, kazi moja tu. Sasa barabara ya Segera mpaka Tanga ni kama kilomita 70, usiku, mkonge kushoto, mkonge kulia, hakuna kinachobadilika. Ubongo ukikosa jipya unajipumzisha wenyewe, na hautakuomba ruhusa. Ndani kabisa ya shina la ubongo kuna kijisehemu kidogo cha chembe zenye rangi ya buluu, makumi ya maelfu tu kila upande, zinazomwaga noradrenalini kwenye ubongo mzima na kuuweka macho. Usingizi ukizidi, chembe hizo zinapunguza kazi, na unalala kwa sekunde mbili tatu macho yakiwa wazi.

Tafiti za Australia zimeonyesha kwamba mtu aliyekaa macho saa 17 mfululizo anafanya vibaya kwenye vipimo vya umakini sawa na mtu mwenye pombe asilimia 0.05 katika damu. Hesabuni: kaamka saa kumi na mbili asubuhi, anamrudisha abiria wa mwisho Raskazone saa tano usiku. Hizo ni saa 17. Hajaonja kitu. Wenye pikipiki mnaodai hesabu ya siku, naomba mlisikie hili, kwa sababu kijana hakeshi kwa kupenda, anakesha kwa sababu hesabu yako haijatimia. Tukimlaumu yeye peke yake tunamwonea.

Hapo nilikuwa nimekusudia kuishia, lakini mwenyekiti aliruhusu maswali, na mawili nayaandika hapa.

Mama mmoja wa Chumbageni alisema mwanawe wa miaka minane huvuka barabara kama hana macho, akichapwa leo, kesho anarudia. Nilimjibu: mama, usimchape. Sehemu ya mbele ya ubongo, ile inayoshikilia nia na kuzuia vishawishi, hukomaa pole pole hadi mtu anafika miaka ya ishirini na kitu. Mtoto wa miaka minane akiuona mpira ng'ambo, mpira umeshamchukua. Anaijua sheria ya kuvuka, ataikariri mbele yako vizuri, ila haipati wakati wa kufika miguuni. Mtembeze wewe, mahali palepale, msimame kila siku kwenye jiwe lilelile, atazame kulia, kushoto, kulia tena kwa sauti, mpaka mguu wenyewe uzoee kusimama hapo kabla akili haijaulizwa. Na madereva, mpira ukivuka barabara, mjue nyuma yake yuko mtoto asiyewaona.

Kijana wa kijiwe cha stendi ya Kange akasimama, akasema kwa heshima lakini kwa uchungu: "Daktari, mimi simu ndiyo mteja. Nisipopokea, anampigia mwingine, na jioni tajiri anataka hesabu. Unaniambia nizime simu, watoto wangu watakula umakini?"

Watu walipiga makofi, na walikuwa na haki. Sikuwa na jibu la kumpa peke yake, kwa sababu tatizo hilo si la mtu mmoja. Nilimwambia: kijiweni kwenu mna zamu, si ndiyo? Mwenye zamu ya mwisho anakaa chini ya mwembe akisubiri kwa muda. Huyo amesimama, injini imezimwa, akili yake iko huru kabisa. Kuweni na namba moja ya kijiwe, simu moja, na anayesubiri ndiye anayepokea. Anaandika mteja yuko wapi, anamtaka nani. Ukirudi unakuta wateja wako wameandikwa kwa jina lako, na mwenye haraka amepewa aliye karibu, na siku nyingine wewe unapewa wa mwenzako. Simu yako ya mkononi inakaa ndani ya boksi, imezimwa sauti, mpaka magurudumu yasimame.

Akauliza, "Na mwenzangu akiniibia mteja?" Mzee mmoja wa kijiwe cha Makorora akamjibu kabla yangu, kwamba kwao daftari linashikwa na mtu mmoja wanayemwamini, na anayedhulumu anatolewa zamu wiki nzima. Wakaanza kubishana wenyewe kwa wenyewe juu ya nani anunue hiyo simu, vocha ilipwe na nani, daftari likae kwa mama lishe au kwa katibu. Mwenyekiti akataka kuwanyamazisha, nikamwomba awaache. Wa Kange wamesema wanaanza Jumatatu kwa majaribio ya mwezi mmoja, na wenye pikipiki wawili waliokuwepo wamekubali kwamba katika mwezi huo hesabu ya kijana ikipungua kidogo hawatamdai. Nimeomba majina ya vijiwe vingine vinavyotaka kujaribu. Karatasi iko mezani kwa katibu, pale karibu na spika.